Silinda za Pikipiki za Kikale: Kuchovya au Kupaka Rangi?

Katika nchi za Uingereza na Marekani wako mafundi na wapenzi wengi wa pikipiki za kikale ambao, baada ya saa za kazi, huzirudishia uhai mashine zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Huzitoa katika mabanda zikiwa zimeliwa na kutu, huzifungua nati kwa nati, huzisafisha, na hatimaye huzirudisha barabarani. Watu hao hubishana juu ya mambo mengi, na mojawapo ya mabishano yao yasiyokwisha ni juu ya ngozi ya nje ya silinda: je, ichovywe nikeli au kromu hata ing'ae kama kioo, au ipakwe rangi?

Mtu asiyezoea mambo ya injini aweza kudhani kuwa hayo ni mabishano ya urembo tu, kama ya watu wawili wanaochagua pazia la sebuleni. Sivyo. Silinda si pambo. Ni chombo kinachobeba moto, na chochote kinachowekwa juu yake ama huusaidia moto huo kutoka, ama huuzuia. Tena, kosa likitendeka katika kuchovya, si rahisi kulirekebisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo yafaa swali hili lichambuliwe kwa utulivu, moja baada ya jingine.

KAZI YA MAPEZI

Injini nyingi za pikipiki za zamani hazikupozwa kwa maji, bali kwa upepo. Petroli inapoungua ndani ya silinda, robo tu ya nguvu yake, au pungufu, ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Inayobaki ni joto. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi kupitia ekzosi, na sehemu nyingine hupenya katika ukuta wa silinda. Ndiyo sababu silinda hizo hutengenezwa zikiwa na mapezi, yaani vile vibati vyembamba vinavyoizunguka silinda kama mapezi ya samaki. Mapezi huongeza eneo linaloguswa na upepo, ili joto lipate njia ya kutokea.

Joto lisipotoka, madhara hufuata upesi. Oili huwa nyepesi kama maji na kushindwa kutenganisha chuma na chuma. Pistoni, ambayo kwa kawaida ni ya aluminiamu, hutanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma. Nafasi iliyokuwapo kati yao humalizika, pistoni hukwama, na gurudumu la nyuma huweza kusimama ghafla wakati pikipiki ingali katika mwendo. Hapo suala si tena la injini peke yake, bali ni la shingo ya mwendeshaji.

JOTO HUTOKA KWA NJIA GANI

Joto huondoka katika mapezi kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo unaopita kati yake na kulichukua. Ya pili ni mnururisho, yaani joto linalorushwa angani kama mwale, kama lile analolihisi mtu akikaa mbali kidogo na moto wa kuni hata pasipo na upepo wa kumletea.

Pikipiki ikiwa katika mwendo, upepo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi, na upepo haujali sana kama pezi limechovywa au limepakwa rangi. Tofauti iko katika mnururisho. Chukua mita moja ya mraba ya chuma chenye joto la nyuzi 200 za Sentigredi, katika hewa yenye nyuzi 30. Kikiwa kimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, hurusha joto la wati 2,000 hivi. Kikiwa kimechovywa nikeli na kung'arishwa, hakifikishi hata wati 300. Kitu king'aacho hulirudisha joto ndani kama kioo kinavyorudisha mwanga. Chupa ya chai ya kuhifadhia joto hutengenezwa kwa kioo kilichopakwa fedha ndani kwa sababu hiyo hiyo: mng'ao hukataza joto kutoka. Kile kinachotakiwa katika chupa ya chai ndicho kisichotakiwa katika injini.

Hata hivyo, jambo hili lisikuzwe kupita kiasi. Mapezi yametazamana, na pezi moja likirusha joto, jirani yake hulipokea. Ni umbo la nje tu la silinda linalorusha joto mbali. Kwa hiyo katika barabara iliyo wazi, tofauti kati ya silinda ya kuchovya na ya kupaka rangi ni ndogo. Huonekana zaidi pale pikipiki inaposimama huku injini inanguruma, kama vile katika msongamano wa magari, au inapopanda mlima mrefu polepole, au katika gwaride la sherehe ambalo huenda kwa mwendo wa miguu. Upepo hapo umepungua, na mnururisho ambao ulikuwa msaidizi huwa tegemeo. Na pikipiki za kikale siku hizi hutumika zaidi katika magwaride na maonyesho kuliko katika safari ndefu.

Jambo jingine huwashangaza wengi: weusi wenyewe si siri ya mambo. Katika joto la namna hiyo hata rangi nyeupe ya kawaida hurusha joto karibu sawasawa na nyeusi, kwa kuwa jicho la mwanadamu haliyaoni mawimbi yanayobeba joto hilo. Rangi ya fedha, iliyochanganywa na unga wa aluminiamu, ndiyo huwa nyuma ya hizo, ingawa bado huishinda nikeli iliyong'arishwa.

JE, RANGI SI BLANKETI?

Wanaotetea kuchovya husema kwamba rangi ni kama blanketi, nayo hulizuia joto. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake una mipaka. Ni kweli rangi hupitisha joto vibaya zaidi ya mara 100 kuliko chuma, hali nikeli hulipitisha vizuri. Lakini rangi nyembamba yenye unene wa sehemu tano za mia za milimita haiwezi kuzuia mengi, kwani kizuizi kikubwa cha joto si rangi, bali ni ile hewa nyembamba inayoganda juu ya pezi.

Mambo hubadilika rangi inapokuwa nene. Kila mwenye pikipiki akiongeza koti lake bila kuondoa la aliyemtangulia, baada ya miaka 50 silinda huwa imevaa makoti kumi. Nafasi kati ya mapezi huwa nyembamba, mizizi ya mapezi huzibwa, na upepo hukosa njia. Hapo rangi imekuwa blanketi kweli. Lakini kutu nayo ni blanketi, na pia huila silinda. Silinda ya chuma cha kalibu isiyovishwa kitu chochote hushika kutu baada ya mvua moja tu. Kuiacha uchi si dawa.

TABU YA KUCHOVYA

Katika kuchovya, silinda hutumbukizwa ndani ya birika la dawa yenye madini ya nikeli, na mkondo wa umeme hupitishwa ili madini hayo yagande juu ya chuma. Kromu, ikitakiwa, huja juu ya nikeli, ikiwa tabaka jembamba mno lisilofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitambaa ni nikeli. Kromu ni uzi wa darizi tu.

Umeme una tabia moja isiyopendeza: hupenda ncha na kingo. Kwenye ncha za mapezi madini hujaa, lakini kwenye mizizi, pale ndani ambapo maji na tope hukaa, hufika kidogo sana au hayafiki kabisa. Kromu ina tabia hiyo kuliko nikeli. Matokeo yake ni silinda inayong'aa kwa nje huku kutu inaanza kuitafuna ndani, pasipo jicho kuona. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Upo uchovyaji wa nikeli usiotumia umeme, ulioenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao hulaza tabaka sawasawa hata mashimoni. Fundi anayelazimika kuchovya silinda yenye mapezi hufanya vyema kuuliza kama njia hiyo inapatikana.

Tabu ya pili ni chuma chenyewe. Chuma cha kalibu kina vitundu vidogo na chembe za kaboni ndani yake. Kabla ya kuchovya hubidi kisafishwe kwa tindikali, na tindikali hiyo hujificha katika vitundu. Miezi kadhaa baadaye injini ikipata moto, hujitokeza na kuacha madoa ya kahawia chini ya mng'ao. Tena, mng'ao wa kuchovya hauwezi kuwa laini kuliko chuma kilicho chini yake, na ni nani awezaye kuingiza msasa kati ya mapezi na kuyasugua yote mpaka yawe kama kioo?

Tabu ya tatu ni vipimo. Katika injini nyingi za kikale nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Dawa ikiingia ndani ya tundu la silinda na kuacha tabaka la sehemu mbili za mia kila upande, karibu nusu ya nafasi hiyo imekwisha. Kwa hiyo tundu la pistoni, nyuso zinazokaa gasketi na mashimo ya skrubu lazima yazibwe barabara kwa nta au vizibo kabla silinda haijaingia birikani. Mchovyaji aliyezoea vishikio vya milango na bampa za magari huenda asijue hayo, na ni wajibu wa mwenye silinda kumweleza mapema.

Hapa yafaa mambo mawili yatenganishwe. Kuna kuchovya kwa nje, ambako ndiko kunakozungumzwa, na kuna kuchovya ukuta wa ndani wa silinda, ambako ni elimu nyingine kabisa. Mwaka 1967 kampuni ya Mahle ya Ujerumani ilibuni tabaka liitwalo Nikasil, lenye nikeli iliyochanganywa na chembe ngumu sana, linalotumika kwenye kuta za ndani za silinda za aluminiamu. Tabaka hilo hupunguza msuguano na kudumu muda mrefu. Mtu asije akasikia sifa zake akadhani kwamba nikeli ya nje nayo ina faida hiyo.

USHAHIDI WA VIWANDA

Waliozitengeneza pikipiki hizo walifanyaje? Majibu yao hayakuwa mamoja, na ndiyo maana ubishi haujaisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kromu haikuwa bado katika viwanda. Kilichong'aa kiling'aa kwa nikeli, yenye mng'ao wa joto unaoelekea umanjano kidogo. Kampuni ya Indian ya Springfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilitoa baadhi ya injini zake za zamani zikiwa na silinda zilizochovywa nikeli. Injini hizo zilizunguka polepole na kubana hewa kidogo, kwa hiyo joto lake lilivumilika. Anayeifufua Indian ya namna hiyo na kuichovya tena nikeli haharibu, anaifuata asili. Lakini akiichovya kromu, ambayo ilienea viwandani kuanzia katikati ya miaka ya 1920, amemvalisha babu suti ya mjukuu.

Huko Stevenage, Uingereza, kampuni ya Vincent ilitoa mfano ulio bora zaidi. Pikipiki yake ya Rapide, iliyoanza kutengenezwa tena mwaka 1946 baada ya vita, ilikuwa na injini ya aluminiamu iliyoachwa na rangi yake ya asili. Mwaka 1948 ikatoka ndugu yake, Black Shadow, yenye nguvu zaidi na mwendo uliokaribia kilomita 200 kwa saa. Injini ya Black Shadow ilipakwa rangi nyeusi iliyookwa katika tanuri, juu ya dawa maalumu iliyoifanya rangi ishike kwenye aluminiamu. Hivyo pikipiki iliyokuwa miongoni mwa zenye mbio kuliko zote duniani wakati huo ilikuwa na silinda za rangi. Kampuni hiyo iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955, lakini weusi wa injini ile ungali unasifiwa mpaka leo.

Triumph nao walikuwa na lao. Bonneville ya mwaka 1959 ilikuwa na silinda za chuma cha kalibu, lakini zilipakwa rangi ya fedha, na kwa mtu aliye mbali zilionekana kama aluminiamu. Anayeipata leo na kuikwangua rangi akitumaini kukuta aluminiamu hukuta chuma kinachongoja kutu.

Tena rangi ni kumbukumbu ya nyakati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, BSA ilitengeneza zaidi ya pikipiki 100,000 za aina ya M20 kwa ajili ya majeshi, na mashine hizo hazikung'arishwa, kwani mng'ao humwonyesha mwendeshaji kwa adui. Vita vya Korea, vilivyoanza 1950, vilipoifanya nikeli iwe adimu, viwanda vya Uingereza vilipaka rangi sehemu nyingi ambazo kabla ya hapo zilichovywa. Kuzichovya leo sehemu hizo ni kuifuta historia ambayo mashine imeibeba kwa uaminifu miaka yote hiyo.

AFYA YA WATU

Lipo jambo zito kuliko kutu. Dawa itumikayo katika uchovyaji wa kromu ya kizamani ni sumu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kromu ya aina hiyo, pamoja na michanganyiko ya nikeli, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka masharti makali juu ya matumizi yake. Kwa hiyo kuchovya si kazi ya uani. Anayetaka kuchovya na ampelekee mwenye kiwanda kilicho na vifaa vya kuvuta moshi na mahali pa kusafishia maji machafu, wala asimwage dawa hizo mferejini, ambako zitawafikia watoto na visima.

Rangi nayo ina hatari zake, ingawa zaweza kudhibitiwa. Ipulizwe mahali penye hewa, na mpulizaji avae kinyago. Silinda ikisafishwa kwa mchanga unaosukumwa na upepo, vumbi lake huharibu mapafu, na kinyago cha kitambaa hakitoshi. Na kama rangi ni ya kuokwa, silinda isiingizwe katika jiko linalooka mikate ya familia. Mvuke wa rangi hubaki ndani ya jiko, na chakula si mahali pake.

NAMNA YA KUPAKA

Anayechagua rangi azingatie hatua hizi. Kwanza, aondoe rangi zote za zamani na kutu yote mpaka chuma kionekane, akiwa amelifunika vyema tundu la pistoni na nyuso za gasketi. Pili, aoshe mafuta yote kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwani alama ya kidole inatosha kuifanya rangi ibambuke. Tatu, asikawie: chuma kilichosafishwa huanza kushika kutu siku hiyo hiyo. Nne, atumie rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini, inayostahimili joto la nyuzi zaidi ya 200. Rangi ya milango na madirisha itaungua na kunuka katika safari ya kwanza. Tano, apulize makoti mawili membamba, akianza na mizizi ya mapezi na kumalizia na ncha. Sita, aipashe moto kwa hatua, kama maelezo ya kopo yanavyoagiza. Rangi nyingi za namna hii haziwi ngumu mpaka zipate moto.

Silinda za aluminiamu ni habari nyingine. Hizo hazishiki kutu nyekundu, na kwa kawaida zafaa kusafishwa na kuachwa zilivyo, isipokuwa kama kiwanda chenyewe kilizipaka rangi.

HUKUMU

Yote yakipimwa, mizani inaelemea upande wa rangi. Silinda ya chuma inayotumika barabarani yafaa ipakwe rangi nyembamba isiyong'aa. Nikeli yafaa pale tu kiwanda kilipoitumia, na ikichovywa na fundi anayejua injini. Kromu juu ya silinda ya kikale haina utetezi wowote ila macho ya watazamaji.

Hoja iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba rangi husamehe. Ikikosewa, huondolewa kwa alasiri moja na kazi ikaanza upya, na chuma kikabaki kama kilivyokuwa. Nikeli iliyokosewa hudai tindikali tena, na kila tindikali huondoka na sehemu ya chuma ambacho hakuna kiwanda kitakachokitengeneza tena. Viwanda vingi vilivyozisubu silinda hizo vimefungwa zamani. Anayezishika leo ni mtunzaji tu kwa niaba ya atakayekuja.

Hata asiyemiliki pikipiki ya kikale ana la kujifunza hapa. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo katika Afrika ya Mashariki leo zina injini za kupozwa kwa upepo, nazo hutegemea mapezi yale yale. Tope lililokauka kati ya mapezi ni blanketi nene kuliko rangi yoyote. Dakika kumi za brashi na maji, injini ikiwa imepoa, ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote, wala hayahitaji nikeli.